Maswali ya Wasomaji: Bili Ikipanda, Mgonjwa Ameongezewa Nini?

Barua za safari hii zimetoka sehemu mbalimbali za Uganda: Busia, Kampala, Bombo, Koboko, Tororo, Kasese na Nakivale, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: thamani ya ziada katika huduma za afya ni kitu gani, na nani anaipata? Barua ndefu tumezifupisha. Hesabu za shilingi ni za mfano, kwa hiyo msomaji aweke bei za kwake.

SWALI: Ndugu Mhariri, nina kliniki hapa Busia, si mbali na stendi. Mshauri wa biashara aliniambia niongeze thamani ili niwapite washindani. Nikaweka vigae, televisheni kubwa na kiyoyozi katika chumba cha kungojea, nikapandisha ada ya kumwona tabibu kutoka 5,000 hadi 10,000. Sasa wagonjwa wanapungua. Thamani niliyoongeza imekwenda wapi?
Mwenye kliniki, Busia

JIBU: Imekwenda kwa fundi wa vigae, ndugu yetu. Mgonjwa wa homa anayeshuka kwenye boda mlangoni pako anataka kujua anaumwa nini, apate dawa inayofaa, arudi kazini upesi, na asiuze mbuzi ili akulipe. Televisheni haimo katika orodha hiyo.

Mwaka 1966 Avedis Donabedian, daktari aliyefundisha Marekani, aliugawa ubora wa tiba sehemu tatu: muundo, yaani jengo, vifaa na watu; mchakato, yaani yale anayofanyiwa mgonjwa; na matokeo. Mwaka 2006 Michael Porter na Elizabeth Teisberg wakaja na kipimo kinachoingiza fedha: chukua matokeo ambayo mgonjwa mwenyewe anayajali, uyalinganishe na gharama yote iliyotumika kuyapata. Wewe umegusa muundo peke yake, gharama ikapanda, matokeo yakabaki palepale. Kwa kipimo hicho thamani imeshuka, hata kama sakafu inang'aa.

Kuhusu kiyoyozi tuna neno kali zaidi. Kiyoyozi cha ukutani hakileti hewa mpya. Kinapoza ileile iliyomo ndani, na ili kifanye kazi lazima madirisha yafungwe. Watu 15 wakikohoa katika chumba kilichofungwa, hapo ndipo kifua kikuu kinapopata abiria. Kizime, fungua madirisha ya pande mbili zinazotazamana, na bili ya umeme nayo itapumua.

Sasa tafuta gharama yako kwa mgonjwa mmoja. Wengi hugawa matumizi ya mwezi kwa idadi ya wagonjwa, na aliyekuja kufungwa kidonda anaonekana sawa na aliyelala kitandani kutwa. Hesabu dakika. Mfanyakazi wa siku 26 kwa saa 8 analipwa saa 208, lakini ukiondoa chakula, usafi, likizo na mikutano, anabaki na kama asilimia 80, karibu dakika 10,000 kwa mwezi. Tuseme wa mapokezi analipwa 400,000: dakika yake ni shilingi 40. Muuguzi wa 640,000 ni 64, wa maabara wa 800,000 ni 80, tabibu wa 1,200,000 ni 120. Mfuate mgonjwa wa homa ukiwa na saa mkononi: mapokezi dakika 5, muuguzi 10 kwa uzito, joto na presha, tabibu 12, maabara 6 za kazi halisi, na muuguzi tena 5 kutoa dawa. Jumla ni 3,080. Ongeza kipimo cha haraka cha malaria 3,000, dawa 6,000, glavu na vingine 500. Ongeza pia 4,000, ambayo ni kodi ya nyumba, umeme na leseni vya 1,800,000 vikigawanywa kwa wagonjwa 450. Unafika 16,580.

Ukishaijua namba hiyo, kila nyongeza ipime kwa shilingi zake. Televisheni na kiyoyozi vikila 300,000 kwa mwezi, kila mgonjwa anabebeshwa 667. Simu ya siku ya tatu, dakika 4 za muuguzi pamoja na salio, haifiki 500. Hii ya pili ndiyo tungeinunua sisi.

Simu hiyo ina maswali matano: homa imekwisha? dawa zimekwisha zote? umetapika dozi yoyote? umerudi kazini au mtoto amerudi shule? umetumia kiasi gani jumla, pamoja na boda? Majibu yaandikwe katika daftari moja lenye safu tano, na mwisho wa mwezi hesabu ni wangapi kati ya kila 100 walipona bila kurudi ndani ya siku 7. Hiyo ndiyo namba ya kubandika ukutani badala ya televisheni.

Kazi hii huharibikia mahali pachache na panapojulikana. Namba ya simu huandikwa vibaya, kwa hiyo ipigwe palepale mapokezi, simu ya mgonjwa ilie mbele yenu. Anayepokea huenda si mgonjwa, kwa hiyo usitaje ugonjwa wala kliniki mpaka ujue unaongea na nani. Apige muuguzi, kwa sababu mtu wa mapokezi akiambiwa “mtoto analegea na hanyonyi” anaweza kusema “endelea na dawa”. Na mgonjwa akirudi bado ana homa, usimrudishie kipimo kilekile cha haraka. Vipimo vingi vya namna hiyo hutafuta protini ya vimelea, ambayo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Kitasema ndiyo, nawe utamtibu malaria aliyokwisha kupona. Hapo ni hadubini.

Ada ya 10,000 ya kumwona tabibu iondoe, utangaze bei mbili kamili kabla mgonjwa hajakaa: ya homa isiyo malaria na ya homa yenye malaria, zote zikiwa na tabibu, kipimo na simu ya ufuatiliaji. Ukiweka bei moja iliyojumuisha dawa, mhudumu atashawishika kumpa kila mtu dawa ya malaria kwa sababu “ameshalipia”.

SWALI: Mteja ameniambia kliniki yangu lazima imkate kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, kwa sababu natoa “huduma zenye thamani ya ziada”. Ni kweli?
Mhasibu, Kampala

JIBU: Si kweli. Sheria ya VAT ya Uganda imeziondolea kodi hiyo huduma za udaktari, meno na uuguzi. Usiiongeze kwenye bili ya matibabu. Upande wa pili wa jambo hili husahaulika: kwa kuwa huduma yako imesamehewa, VAT uliyolipa ulipofanyiwa ukarabati au ulipolipa huduma nyingine huwezi kuidai mamlaka ya mapato, URA. Inakuwa gharama yako, na iingie katika hesabu ya mgonjwa kama tulivyoonyesha juu. Ukiwa pia na mkahawa au unapangisha vyumba vya biashara, mapato hayo hayamo katika msamaha wa matibabu, na mauzo yanayotozwa kodi yakizidi kiwango cha mwaka kilichowekwa na sheria utatakiwa kujiandikisha.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watatu, Bombo. Kila mmoja wetu akipata homa, kliniki inapima malaria, taifodi, H. pylori, mkojo na damu nzima, kisha tunatundikiwa dripu. Bili haishuki chini ya 80,000. Wanaiita huduma kamili. Nitajuaje kipimo chenye faida?
Mama, Bombo

JIBU: Mama, kabla hujalipa muulize tabibu hivi: “Jibu likiwa ndiyo utanitibuje, na likiwa hapana utanitibuje?” Ikiwa dawa ni zilezile kwa majibu yote mawili, kipimo hicho kinamsaidia mwenye mashine.

Kipimo cha malaria kina faida, na kifanywe kila mara kabla ya dawa. Jibu la ndiyo linaleta dawa, jibu la hapana linamlazimisha tabibu atafute chanzo kingine. Hakikisha kinasomwa kwa dakika zilizoandikwa kwenye kipimo, mara nyingi 15 hadi 20, kwa sababu kikiachwa mezani saa nzima mstari unaweza kujitokeza wenyewe.

Kile cha taifodi ambacho kliniki nyingi hutumia kinaitwa Widal, na tungependa kukiona kikistaafu. Hakitafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili, na mtu huwa nazo kwa sababu aliugua zamani, alichanjwa, au ana maambukizi mengine kabisa, malaria ikiwemo. Ili kiwe na maana angalau kidogo kinahitaji damu mara mbili, siku 10 hadi 14 mbalimbali, na kiwango kiwe kimepanda mara nne. Hakuna anayefanya hivyo. Matokeo yake ni “malaria na taifodi”, pacha wanaozaliwa kila siku katika kliniki zetu, na sindano za antibayotiki za siku tano ambazo bakteria wanazizoea. Taifodi ikishukiwa kweli, kwa homa ya siku nyingi isiyo malaria na maumivu ya tumbo, kipimo ni kuotesha damu, na damu ichukuliwe kabla ya antibayotiki. Si kila mahali kinapatikana, lakini hospitali ya rufaa ni mahali pa kuulizia.

H. pylori ni bakteria wa tumboni, na hawasababishi homa. Kwa mtoto mwenye homa ya jana kipimo chake hakina kazi hata kidogo. Kwa mtu mzima mwenye maumivu ya tumbo ya muda mrefu kina kazi, lakini kiwe cha kinyesi. Kile cha damu huendelea kusema ndiyo hata baada ya kutibiwa na kupona.

Mkojo upimwe kukiwa na sababu: maumivu wakati wa kukojoa, mjamzito, au mtoto mdogo mwenye homa isiyoeleweka. Damu nzima inafaa kwa aliyepauka au anayeumwa sana.

Tukija kwenye dripu. Chupa ya nusu lita ya maji ya sukari ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari, pungufu ya zilizomo katika soda ya kawaida. Ya maji ya chumvi ina chumvi gramu 4.5. Mtu anayeweza kunywa hana haja nayo. Nguvu anazozisikia akitoka zimetokana na kulala saa mbili na dawa ya homa. Dripu inamhusu anayetapika kila kitu, aliyepoteza maji mengi, aliyepoteza fahamu au aliyepungukiwa damu ya mzunguko. Na haiji bure: mshipa unaweza kuvimba, na mtoto mdogo akipewa haraka kupita kiasi maji huingia mapafuni. Mtoto wa kuharisha anayekunywa apewe ORS, yaani maji ya chumvi na sukari ya kunywa, na zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, au miligramu 10 akiwa chini ya miezi sita.

Tusimlaumu mwenye kliniki peke yake. Wagonjwa wengi hawalipi kwa moyo mweupe wakiondoka bila sindano, naye anajua. Mama akisema mapema “sitaki dripu kama ninaweza kunywa”, anampa musawo, yaani tabibu wake, ruhusa ya kufanya kazi yake vizuri.

SWALI: Nasimamia kituo cha afya cha daraja la III karibu na Koboko. Huduma ni bure tangu ada zilipofutwa mwaka 2001, watu ni wengi, sina bajeti ya kuongeza mfanyakazi. Wagonjwa wanafika alfajiri na wengine wanaondoka saa kumi jioni. Naweza kuongeza thamani bila fedha?
Muuguzi msimamizi, West Nile

JIBU: Sista, anza na vipande vya karatasi. Kata daftari moja, kila mgonjwa apewe kipande chenye nafasi sita: amefika, amepimwa joto, ameingia kwa tabibu, ametumwa maabara, amepata majibu, ametoka na dawa. Kila mhudumu aandike saa tu. Fanya siku mbili, moja iwe Jumatatu au siku ya gulio. Jioni panga vipande kuanzia aliyekaa muda mfupi hadi mrefu na usome cha katikati. Usitumie wastani, kwa sababu mmoja aliyesahaulika maabara kwa muda wa saa nane ataivuruga picha yote.

Mara nyingi utaona kwamba tabibu anamtazama mgonjwa dakika tano, na saa nne zilizobaki ni kungoja. Kungoja kwenyewe kuna mafundo mawili. La kwanza, mgonjwa wa homa hupanga foleni mara mbili kwa tabibu: kwanza kutumwa maabara, halafu kurudi na jibu. Hamishia kipimo cha haraka cha malaria mwanzo kabisa, anapopimwa joto. Muuguzi msaidizi aliyefundishwa anakifanya, na zile dakika 20 zinakwisha akiwa bado foleni ya kwanza. Atamwona tabibu mara moja, jibu likiwa mkononi. La pili ni dirisha la dawa. Dawa zinazotoka kila siku zifungwe jana yake alasiri katika bahasha zenye dozi kamili kwa kila kundi la uzito. Mhudumu wa dawa asianze kuhesabu vidonge mbele ya watu mia.

Watu hufika alfajiri kwa sababu walishaambiwa anayechelewa hakuti dawa. Waliokuja kuchukua dawa za presha au kisukari wape saa, si siku tu. Andika katika daftari lao “Jumanne, saa nane mchana” na, hapa ndipo wengi hushindwa, uwahudumie saa nane kweli. Ukiwavunjia ahadi mara mbili, mwezi unaofuata wote watakuwa getini saa kumi na mbili asubuhi.

Foleni nzuri isije ikamwua mtoto. Mtu mmoja apite kwenye mabenchi kila nusu saa akitafuta mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, anayelegea au kupumua kwa shida. Huyo anaingia mbele ya wote, bila karatasi. Na karatasi za namba zitolewe na mtu anayejulikana kwa jina, ziwe na muhuri wa siku hiyo. Tusijifanye hatujui kwamba pengine namba za foleni huuzwa.

Baada ya mwezi rudia vipande vile kwa siku mbili zilezile. Uangalie pia fomu yako ya HMIS 105, ile ya taarifa za kila mwezi: kama waliotibiwa malaria wanazidi waliopimwa na kukutwa nayo, umeongeza kasi ukapoteza usahihi.

SWALI: Kituo chetu cha misheni, wilaya ya Tororo, kimepewa msaada wa shilingi milioni 3 kwa wodi ya wazazi. Kamati inataka kununua mashine ya skani iliyotumika. Mkunga anapinga. Mnasemaje?
Mwanakamati, Tororo

JIBU: Tuko na mkunga. Skani moja kabla ya wiki 24 ni jambo ambalo Shirika la Afya Duniani limelipendekeza tangu 2016, na ina manufaa yake. Lakini mashine iliyotumika, bila mtu aliyefunzwa kuisoma, bila vipuri, na bila gari la kumpeleka mama baada ya kuona tatizo, itafunikwa kitambaa kabla ya Krismasi.

Kinachowaua kina mama wengi ni kutoka damu baada ya kujifungua, na huko fedha zenu zinafika mbali. Anzeni na friji. Oxytocin, sindano ya kuzuia damu hiyo, hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Ikikaa kwenye joto hupungua nguvu, na chupa haibadiliki rangi ikakuonya. Mama anachomwa yuniti 10, mkunga anaamini amekingwa, kumbe amechomwa kitu kilichokaribia maji. Nunueni vipimajoto viwili, kimoja cha akiba. Someni asubuhi na jioni na muandike. Dawa isikae mlangoni mwa friji wala isiguse ukuta wa barafu, na soda za wafanyakazi zipate friji yake. Mnaponunua, muulize muuzaji anaitoa wapi. Akiitoa kwenye rafu, rudini nyumbani. Vituo vya misheni vina bahati ya kuwa na bohari ya dawa ya Joint Medical Store pale Nsambya, Kampala, mali ya mashirika ya tiba ya Kikatoliki na Kiprotestanti.

Kitu cha pili ni shuka la plastiki lenye mfuko uliowekwa alama za mililita, linalotandikwa chini ya mama mara tu mtoto anapotoka. Macho hudanganya: damu iliyonywewa na kitenge na godoro huonekana kidogo. Utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023 na kufanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ulitumia shuka hilo pamoja na hatua tano zinazofanywa zote kwa mkupuo: kukanda mfuko wa uzazi, oxytocin, gramu 1 ya asidi ya tranexamic (dawa ya kusaidia damu kuganda) ndani ya mshipa kwa dakika 10, maji ya mshipa, na kumchunguza mama kutafuta chanzo huku msaada ukiitwa. Kuvuja damu kukali, upasuaji au kifo kwa sababu hiyo kulipungua kwa asilimia 60. Kutambuliwa kwa mama anayevuja kulipanda kutoka karibu asilimia 51 hadi 93. Hakuna dawa hata moja hapo iliyokuwa ngeni. Kilichokuwa kigeni ni kuona mapema na kutosubiri hatua ya kwanza ishindwe ndipo ya pili ianze.

Wekeni vifaa hivyo vyote katika sanduku moja lenye orodha juu ya kifuniko, likaguliwe kila zamu inapobadilishana. Sanduku likifungwa kwa kufuli na ufunguo ukawa kwa mtu aliyekwenda nyumbani, mmenunua pambo. Fedha iliyobaki iwe mashine ya presha yenye mikanda ya saizi mbili, na akiba ya mafuta ya gari la rufaa.

SWALI: Mimi ni mkimbizi kutoka Kongo, niko Nakivale. Najitolea kutafsiri Kiswahili na Kinyarwanda kliniki. Niliomba posho nikaambiwa kutafsiri si matibabu. Je, kazi yangu haina thamani?
Mkalimani, Isingiro

JIBU: Ina thamani inayopimika, na ukiipima utakuwa na cha kupeleka mezani. Chukua bahasha ya dawa iliyoandikwa “4 × 2, siku 3”. Kwa dawa ya malaria ya mtu mzima wa kilo 35 na kuzidi maana yake ni vidonge 4 mara mbili kwa siku, jumla 24, na kwamba dozi ya pili ya siku ya kwanza ni baada ya saa 8. Asiyeelezwa anaweza kusoma vidonge vinne kwa siku mbili. Asiyeambiwa ale na kitu chenye mafuta, maziwa au karanga, anapoteza sehemu ya nguvu ya dawa. Akitapika ndani ya saa moja arudie dozi, na hilo nalo halipo kwenye bahasha.

Usimuulize mgonjwa “umeelewa?” Kila mtu hujibu ndiyo. Mwambie akueleze kwa maneno yake atakavyokunywa akifika nyumbani. Kwa wiki mbili andika ni wangapi kati ya waliopita kwako walieleza sawasawa mara ya kwanza na wangapi ulilazimika kuwasahihisha. Hao wa pili wangekunywa dawa vibaya. Mpelekee msimamizi namba hiyo. Mwambie pia kwamba kumtumia mtoto kumtafsiria mama yake mambo ya uzazi hakufai, ingawa ni bure.

SWALI: Kikundi chetu cha akiba, kaya 60, Kasese, tunataka kulipia matibabu pamoja kwa mwaka. Tuanzie wapi?
Katibu wa kikundi

JIBU: Anzieni kwa kuangalia Kisiizi, wilaya ya Rukungiri, ambako hospitali iliunda mpango wa bima mwaka 1996 juu ya vikundi vya engozi, vile vya kubeba wagonjwa kwa machela na kuzikana. Hospitali haikuunda urafiki mpya. Iliukuta.

Hesabu ya mfano: kaya 60 zenye watu 5 ni watu 300. Kila mtu akitibiwa mara moja kwa mwaka kwa 15,000 ni 4,500,000. Kulazwa mara 15 kwa 150,000 ni 2,250,000. Ongezeni asilimia 20 ya dharura: 8,100,000, au 135,000 kwa kaya. Zilipwe kahawa ikishauzwa, si Januari ya karo. Iandikishwe kaya nzima, kwa sababu mkiruhusu mtu amwandikishe bibi mgonjwa peke yake na kuwaacha vijana wazima, mfuko utaisha kabla ya Pasaka. Wekeni muda wa kungoja wa mwezi mmoja na mchango mdogo kila ziara. Upasuaji mmoja au miwili ya uzazi inaweza kuumaliza mfuko, kwa hiyo msibebe hatari hiyo wenyewe: fanyeni mkataba na hospitali moja ipokee mchango na kubeba hasara. Na msianze kuwauzia watu wa nje ya kikundi. Hapo mnaingia katika eneo la Mamlaka ya Udhibiti wa Bima.

SWALI: Natumia dawa za ARV mwaka wa tano. Zamani nilikwenda kila mwezi, sasa napewa za miezi sita. Je, wananisukuma pembeni?
Msomaji

JIBU: La. Umepunguziwa nauli na siku za kazi, na dawa ni zilezile. Mashirika kama TASO, la kusaidia watu wenye VVU, lililoanzishwa 1987 na Noerine Kaleeba na wenzake, yaligundua mapema kwamba umbali humfanya mtu aache dawa, yakaanza kuzipeleka karibu na jamii. Utaratibu huu ni wa wale ambao wingi wa virusi umeshuka, na foleni inabaki kwa wanaoumwa.

Usingoje miezi sita iishe ukikohoa zaidi ya wiki mbili, ukipungua uzito au ukipata mimba. Ukianzishiwa dawa ya kifua kikuu yenye rifampicin na moja ya ARV zako ni dolutegravir, utahitaji kidonge kingine cha dolutegravir miligramu 50 saa 12 baada ya kile cha kwanza, kwa hiyo mwambie anayekuandikia. Dawa za kiungulia zenye magnesi au alumini hazichanganywi na dolutegravir: dolutegravir inywe saa 2 kabla ya dawa hizo au saa 6 baada yake. Weka makopo mahali pakavu pasipo jua, na kile kifuko kidogo cha kunyonya unyevu ukiache ndani. Kipimo cha wingi wa virusi kwa mtu mzima aliye imara ni mara moja kwa mwaka. Tarehe yake iandikwe juu ya kopo la mwisho.